Mshale wa Awil

Jumatatu, 3 Februari 2025

Abti Abdiwahab ameleta leo mita ya gari la Awil. Ameizungushia kikoi cha kijani kama mtoto mchanga, akaiweka mezani kwangu. Amesema haikuvunjika. Ameing'oa mwenyewe kwenye gari lililopata ajali, niisafishe, aivalishe Land Cruiser nyingine aliyonunua. Hakukaa hata kwa chai. Mlangoni akasema Mungu amrehemu. Hakunitazama.

Abti ni kaka yake hooyo, mama yetu. Ndiye aliyetulea baba alipofariki, hata chumba hiki ninachofanyia kazi ni chake. Gari lilikuwa lake. Dereva alikuwa Awil, kaka yangu.

Sijafungua kikoi. Nimetengeneza geji ya mafuta ya mteja wa Balambala — mshale ulikuwa unasema tangi limejaa hata likiwa kavu. Kumbe waya wa boya tu. Kazi ndogo.

Naandika Kiswahili changu cha shule. Nyumbani hakuna anayekisoma kwa raha.

Jumanne, 4 Februari

Nimefungua. Laiti ningeacha!

Mshale wa mwendo haujarudi sufuri. Umesimama kabla kidogo ya sitini.

Sababu naijua. Hizi mita za siku hizi, kila mshale una mota yake nyuma, ndogo kama kifungo cha koti. Stima ndiyo inayoupandisha mshale, na ukizima gari, stima hiyohiyo ndiyo inayourudisha chini. Lakini ikikatika ghafla — gari limegonga, betri imeng'oka — hakuna wa kuurudisha. Mshale unabaki palepale. Nimewaeleza wateja jambo hili mara nyingi, tena nikicheka nao.

Kwenye kioo hiki Awil bado yuko njiani. Anatoka Dagahaley. Qali, muuguzi wa kliniki ya kambi ya wakimbizi kule, amekaa kushoto kwake, anarudi kwa mume wake. Mbele ngamia wanavuka. Pembeni kuna lori limeegeshwa. Bado hawajaligonga.

Nikitia stima mshale utaanguka. Nitakuwa nimemfikisha.

Nimefunika tena. Nimetia kufuli mlangoni, mchana kweupe.

Alhamisi, 6 Februari

Watu wanasema alikuwa anakimbia. Kwenye soko la mifugo wanasema, madukani wanasema. Hata matangani kwetu nilisikia mama mmoja akinong'ona kwamba vijana wakishika usukani husahau mauti. Mursal, mume wa Qali, hajakanyaga kwetu tangu tuwazike. Dada zake Qali wakimwona hooyo barabarani wanavuka upande wa pili.

Na Awil alipenda kukimbia. Siwezi kukataa. Nilikuwa nikipanda naye nasoma dua zote ninazozijua.

Baada ya adhuhuri nilijinyoosha kidogo kwenye mkeka, karibu na meza, joto limezidi. Nikasikia indiketa. Tik, tik, tik. Sauti ya gari linalosubiri kukata kona. Nikafungua macho, ikaendelea. Nikafunua kikoi — mita haina waya hata mmoja! Haijaunganishwa na chochote! Sauti ikakoma.

Astaghfirullah. Labda ni mabati yanavyolia kwa jua.

Jioni hooyo ameniuliza kwa nini siku hizi nafanyia kazi uani. Nimesema hewa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwambia hooyo. Sikupanga. Aliniletea chai, akaona kikoi, kikombe kikamponyoka. Ni cha Awil! Alikuwa anakiweka garini, anakivaa akifika safari. Mimi sikukitambua, yeye mara moja.

Akauliza kuna nini ndani. Nikafunua. Nikamwambia hiki ndicho alichokuwa anakitazama. Nikamweleza habari ya mshale.

"Sitini ni mbio?"

"La, hooyo. Pale barabara imenyooka. Hata lori la mbuzi lingempita."

Akakaa sakafuni. Akacheka, wallahi alicheka, kisha akalia kilio ambacho siku ya maziko hakukilia. Alipomaliza akachukua simu yake, akampigia Mursal mwenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Mursal alikuja baada ya alasiri. Amekonda. Alikataa kiti.

Aliitazama mita muda mrefu. Akauliza atajuaje kwamba hakuna aliyeusogeza mshale. Swali la haki. Nikamwonyesha kioo kimebanwa pande zote, vumbi la zamani limeganda kwenye vibanio. Nikasema lakini mimi ni dada wa marehemu, ukiniamini au usiniamini, sitakulaumu. Akapiga picha kwa simu. Akasema polepole kwamba amekuwa akimlaani Awil kila swala.

Halafu akageuka: "Kama hakuwa mbio, kwa nini hakusimama? Ngamia pale unawaona kutoka mbali."



Hooyo akaniambia mwache sasa apumzike, uteremshe mshale. Sikutaka. Niliomba kesho. Akasema hapana, leo, na huyu akiwepo.

Nikaunganisha nyaya kwenye betri ya mezani. Mishale yote ikaruka juu pamoja, kama inavyofanya ikiamka, kisha ikashuka. Sufuri. Hooyo akasema inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Mursal akatoka, uso ameuficha kwa mkono.

Mimi nikabaki natazama. Ukiwasha, taa zote ndogo lazima ziwake kidogo, ndivyo dereva anavyojua kwamba ziko hai. Ya oili iliwaka. Ya betri iliwaka. Ya injini pia. Mahali pamoja pakabaki giza.

Breki.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefungua mita nyuma. Taa haijaungua. Imefunikwa kwa tepu nyeusi, kipande kimekatwa vizuri, kipimo chake. Kazi ya fundi. Nilipoibandua, taa ikawaka nyekundu kama jicho.

Sikuweza kukaa. Nikaenda kwenye gari lenyewe, liko nyuma ya soko la mifugo, mbuzi wanalala kivulini mwake. Kikopo cha mafuta ya breki ni kikavu. Hilo halithibitishi kitu, ajali inaweza kukimwaga. Nikainama chini. Bomba la breki la gurudumu la nyuma limesuguliwa na springi, na pale lilipokuwa linavuja vumbi limegandamana tabaka juu ya tabaka, gumu kama udongo wa kichuguu. Huo si uvujaji wa siku moja. Lilikuwa linalia polepole, na taa ilikuwa inajaribu kusema.

Na sasa wazo ambalo haliondoki. Sitini. Awil! Kwenye barabara ile! Kwa nini alikuwa anaenda taratibu hivyo?

Alijua. Alikuwa anajua, na anamleta Qali nyumbani kwa uangalifu.

Nimeosha mikono, mafuta hayatoki. Kila nikigeuka namwona amekaza macho mbele.

Jumanne, 11 Februari

Abti amekuja na Land Cruiser mpya. Mpya kwake. Mita yake haionyeshi mwendo, ndiyo maana anataka ile ya Awil. Aliegesha uani, akatoa salamu, akauliza kama kazi iko tayari. Kisha, bila kufikiri, kama mtu anayesema habari ya matairi:

"Kuna taa moja nyekundu itawaka kama umebandua tepu. Usihangaike nayo, abiria huogopa. Ifunike tena kama kwanza."

Nikauliza nani aliifunika mara ya kwanza.

"Fundi mmoja, nilipolipeleka gari Nairobi. Awil alikuwa hanipi amani! Kila siku abti taa, abti taa. Nikamwambia kijana, kwanza gari lifanye kazi, tutatengeneza—"

Nimemwona anasikia alichosema. Uso wake ulibadilika, akatafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Kuku walikuwa wanachakura katikati yetu. Nilimwonea huruma. Nalishangaa hilo hata sasa. Huyu mtu alinibeba mgongoni tulipohama kwa sababu ya mafuriko ya mto Tana.

"Naimo," akasema, "taa haiui mtu."



Akainuka, akakung'uta nguo. Akasema kesho gari linaanza safari za Dagahaley, na dereva ni Hared. Hared! Mdogo wetu, mtoto wa kiume aliyebaki kwa hooyo! Ana leseni mpya mfukoni anaionyesha kila mtu. Abti akasema nimemwahidi hooyo wako sitawaacha. Nadhani anaamini anatusaidia.

Nikamwambia sawa, nitaifunga asubuhi.

Jumatano, 12 Februari

Naandika nimesimama.

Nimeifunga mita. Sikutia tepu. Gari likiwa linanguruma, taa ya breki inabaki imewaka, haizimi. Nimefungua boneti, mafuta ya breki yako chini kabisa. Nimemwambia Hared usiguse gari hili. Amesema abti ndiye mwenye gari, wewe una hofu ya msiba, kila kitu ukikiona unaona kaburi.

Ndipo nikamwendea hooyo. Nimemwambia yote, tepu, bomba, maneno ya abti. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Nikadhani nimemuua na yeye.

Abti amefika, abiria nao wamefika na mizigo yao. Ameona taa. Akaniuliza kwa sauti ya chini tepu iko wapi. Nikasema sina. Akacheka kwa ajili ya watu, akasema mafundi hawa! Akaniagiza nilete bisibisi, nitoe mita, atajifunikia mwenyewe.

Nilipogeuka ndipo hooyo akatoka. Na ndala zake za jikoni. Amemwambia Hared shuka. Hared ameshuka. Kisha amepanda yeye, kiti cha dereva — hajawahi kukaa pale maisha yake yote! — amefunga mlango, mikono miwili kwenye usukani.

Nimekimbilia ndani. Bisibisi ninayo mkononi, na sijui niipeleke au niitupe. Nawaona kwa dirisha. Abti ameinama kwenye kioo, anambembeleza, dada, aibu hii, watu wanatazama. Hooyo hamtazami. Anatazama mita. Amenyoosha kidole.

"Abdiwahab, hii nyekundu inasema nini?"

Abti ananung'unika, sisikii.

"Inasema nini? Na ile ya mwanangu, ilisema nini?"

Mzee mmoja ameanza kuteremsha mzigo wake. Hared ameshika kichwa.

Ananiita. Naimo! Njoo uwasomee watu hawa! Anaita tena.

Abti amenyanyuka, amenitafuta kwa macho mpaka akanipata hapa dirishani. Hajakasirika. Afadhali angekasirika. Anatikisa kichwa taratibu, midomo yake inasogea, na namsoma bila kumsikia: mwanangu, usitoke.

Nimeitupa bisibisi, nimeshika kitasa, natoka