Kutu Chini ya Tapi

Furaha, mjukuu wangu,

Yesu akulinde huko Lubumbashi. Bibi yako amepona, anakusalimu. Unauliza kama utandike tapi mpya, zulia la sakafuni, juu ya kutu ya gari lako. Hapana.

Ujanani niliendesha taksi-basi ya kwenda Sange. Maji ya ndagala, samaki wadogo wa abiria, yalipenya chini ya tapi, yakala sakafu ya chuma. Nilipoing'oa tapi, mwenye gari akasema, "Rudisha, abiria hawaoni chini. Ama weye ni padri wa magari?"

"Sirudishi," nikamjibu. "Nifukuze."

Nikakwangua kutu, nikapaka rangi ya kuizuia, kisha gudroni, lami ile, juu yake, mwenye gari akinuna tu. Safari iliyofuata kelele za barabara zilipungua, nikamsikia mama wa kiti cha nyuma akisali rozari kwa sauti ya kawaida.

Ng'oa tapi, ukwangue kutu kwanza. Atakayekucheka acheke, watu wanakanyaga hapo.

Babu yako