Kura Yangu ya Nusu Karanga

Flemingdon Park, Toronto
Novemba

Kwako dada yangu mpenzi Mwajuma,

Pokea salamu zangu hapo Kihonda, wewe na shemeji na watoto wote. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi mke wa rafiki yangu aliyekuja huko likizo, ulikwenda kuichukua au bado unangoja akuletee mlangoni? Tafadhali nenda. Mimi ni mzima wa mwili, nakula vizuri, na koti zito ninalo. Kichwa ndicho sikielewi. Nimechanganyikiwa, dada, na sababu yenyewe ni mchezo wa mpira ambao sijawahi hata kuucheza.

Juzi kwenye simu nilianza kukueleza, kadi ikaniishia palepale niliposema "Mama Gulshan hasemi na mimi." Najua ulibaki umeshika simu unawaza mabaya. Tulia. Sijaiba, sijalewa, sijamtukana mtu. Nilipasua karanga. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia, kwa kuwa habari hii haitoshi kwenye kadi moja ya simu, na hata mwenyewe nataka niione imekaa kwenye karatasi, labda nitaielewa.

Unakumbuka nilikuambia nimepanga chumba kwa Mzee Nurdin na mkewe, Mama Gulshan. Ni Wahindi wa Iringa. Waliondoka huko wakiwa vijana, watoto wao wamekuwa wakubwa na kuhamia kwenye nyumba zao, na nyumba ikabaki na chumba kitupu. Siku niliyogonga mlango na begi langu, Mama aliniuliza "Umekula?" kabla hajaniuliza jina. Kiswahili chake ni kile cha zamani kilichonyooka, utadhani amekihifadhi kabatini na nguo za sikukuu. Nikirudi kazini Malton, huko kwenye maghala ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, nimebadilisha mabasi hadi nimesahau natoka wapi, namkuta jikoni. Nakaa naye, namenya hiki, nachambua kile, yeye anaongea. Kwangu hapo ndipo nyumbani pa huku.

Sasa huo mpira. Unaitwa besiboli. Mtu mmoja anasimama katikati juu ya kichuguu kidogo cha udongo, anarusha mpira kwa nguvu. Mwingine amesimama mbele yake na gongo, anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vyote, na akirudi alipoanzia, timu yake imepata alama. Kazi ya mrushaji ni kuhakikisha hakuna anayezunguka. Fikiria rede, ule mchezo wetu wa utotoni wa kukwepa mpira, ila yule wa katikati ndiye mwenye mpira, na wote wamevaa suruali kama za kulalia. Mchezo unakwenda taratibu mno. Unaweza kuchemsha maharage ukarudi, hujakosa kitu.

Kila msimu ukiisha, waandishi wa magazeti wanapiga kura kumchagua mrushaji bora. Tuzo hiyo ni kubwa huku, watu wanaipigia kelele kama sisi na Simba na Yanga. Mwaka huu wanagombea wawili, na hakuna hata mmoja wa timu ya hapa Toronto, kwa hiyo sijui hawa wazee wangu yanawahusu nini. Mzee Nurdin anamtaka mmoja ambaye sisi nyumbani tunamwita Ndevu. Mama anamtaka mwingine tunayemwita Mpole, kwa sababu hakasiriki hata wenzake wakimharibia.

Na wanamharibia kweli. Mrushaji huandikiwa ushindi timu yake ikishinda, na huandikiwa kushindwa timu yake ikishindwa. Lakini alama hazipatikani kwa kurusha! Zinapatikana wenzake wanapopiga, na wakati huo yeye amekaa benchi, koti begani, anatafuna mbegu za alizeti. Timu ya Ndevu ina wapigaji hodari, basi ameandikiwa ushindi mwingi kuliko warushaji wote. Mpole anarusha vizuri zaidi yake, wanaomkabili wanarudi wameinamisha vichwa, lakini wenzake nao hawapigi kitu, anafungwa moja bila, anakwenda zake kuoga. Nilipoelezwa hivyo nilisema mchezo huu umetungwa na mtu aliyekuwa na homa.

Mzee alinishika kwenye roshani. "Athumani, mimi nimekaa dukani maisha yangu yote," akaniambia. "Mteja haji kukuuliza ulipanga vipi rafu. Umeuza au hujauza? Kushinda ni kushinda."

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

Mama naye akanishika jikoni. "Mtu amepika pilau safi kabisa, mvua ikanyesha, wageni hawakuja. Utasema pilau mbaya?"

"Hapana, Mama. Yaani ndiyo, Mama. Ni kweli kabisa."

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mzee akisema, ndiyo Mzee. Mama akisema, kweli Mama. Wewe ndiye uliyenilea, dada, unajua tulivyofundishwa. Mtu mzima akikueleza jambo, unaitikia. Hukai ukampima kama unanunua kitambaa. Wala sikuona kuwa nadanganya, maana kila mmoja akiongea nilimwona ana haki, na akinyamaza nilikuwa sikumbuki tena kwa nini.

Kumbe wenzangu walikuwa wananihesabu. Baba yake Mama Gulshan, huko Iringa, alikuwa na desturi yake. Jambo likiigawa nyumba, kila mtu anachukua karanga moja na kuitia kwenye kikombe cha upande anaoutaka, mbele ya wote. Zinahesabiwa, mabishano yamekwisha, watu wanakula. Mama alikuja na desturi hiyo mpaka huku. Tangu watoto wahame, yeye na Mzee kila msimu wanapiga kura ya mrushaji bora, na kila msimu inakuwa sare, karanga moja kila kikombe. Hawajawahi kupata mshindi. Ndipo nikaja mimi, karanga ya tatu.

Jumapili ya kura ilipofika, Mama alipika kuku wa nazi. Vikombe viwili viliwekwa katikati ya meza, cha buluu cha Ndevu na cheupe cha Mpole. Mzee akatia yake, Mama akatia yake, wakanigeukia. Dada, hakuna mkaguzi wa uwanja wa ndege aliyewahi kunitazama vile. Nikajiambia, nikimpa Mzee nimemvunjia Mama heshima kwenye meza yake mwenyewe. Nikimpa Mama, Mzee ndiye mwenye nyumba. Nikaimenya ile karanga, nikaitenganisha, nikatia nusu buluu na nusu cheupe. Nilijiona nina akili sana. Hata nilitabasamu.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alichungulia kikombe cheupe, kisha akaniangalia.

"Mimi uliniambia ndiyo," akasema. "Na yeye ulimwambia ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata ndiyo hii ya sasa sijui niipokee vipi." Akasukuma kikombe pembeni. "Nusu karanga si kura, Athumani. Ni chakula cha ndege."

Akainuka, akaanza kutoa sahani. Tangu siku ile akawa ananisemesha kwa Kiingereza.

Labda wewe utaona hilo ni jambo dogo. Chakula alinipikia kama kawaida, nilikikuta kimefunikwa mezani. Alinisalimu asubuhi, akaniuliza kama nimelala vizuri, akaniambia huko nje kuna barafu niangalie hatua, yote kwa Kiingereza cha adabu, kile wanachokutolea benki. Nikimjibu kwa Kiswahili, anaendelea kwa Kiingereza. Nikienda jikoni kukaa, ananishukuru na kusema hahitaji msaada. Nilikosa raha, dada. Nilikuwa nashuka basi langu la mwisho nasimama kwanza chini ya jengo, sitaki kupanda. Kazini nikaanza kuulizia chumba Malton, nikijidai nataka kuwa karibu na kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa kukaa kwenye nyumba ambayo mama mwenye nyumba ameniondoa moyoni.

Mzee aliniona nimezubaa, akaniita tena roshani. Nikadhani atanitania.

"Ungemwambia hapana, angekasirika jioni moja," akasema. "Watoto wetu wakija, yeye anaongea, wao wanaitikia kwa Kiingereza, sawa Mama, sawa Mama, macho kwenye simu. Mimi mwenyewe nasema sawa tangu enzi za duka, ili nisome gazeti langu. Ni mpira peke yake ndio tunaobishania. Ukaja wewe, unakaa naye, unamsikiliza. Alidhani amepata mtu wa kuzungumza naye."

"Lakini Mzee, mimi nilikuwa namheshimu!"

"Najua," akasema. "Na yeye anajua. Ndiyo maana hajakufukuza."

Sasa hapo nielewe nini? Nimevunja heshima kwa kuheshimu? Nilikwenda kazini na swali hilo kichwani, nikabeba masanduku nalo. Na huko kazini ndiko nilikoanza, kwa mara ya kwanza, kuwafikiria kweli Ndevu na Mpole. Si kwa ajili ya Mzee wala Mama. Nilitaka kujua mimi naona nini.

Kuna Mkongo mmoja kwenye zamu yetu, anaitwa Ilunga. Hana nguvu kuliko wengine, tena mgongo unamsumbua. Lakini akiwepo, sisi sote tunakwenda mbio, na ndege inapakiwa tukiwa bado tunacheka. Siku asiyokuja tunajikokota kama wagonjwa. Nikajiuliza, je, kama na Ndevu ni hivyo? Labda wenzake wanapiga vizuri kwa sababu ni yeye aliye kwenye kichuguu siku hiyo. Na Mpole, pamoja na uhodari wake, labda hakuna anayechangamka akimwona. Niliiangalia hoja hiyo siku kadhaa, nikaigeuza huku na huku. Ilikuwa yangu, na ilikuwa kinyume cha Mama.

Jumamosi mchana Mzee alikuwa ametoka. Nikaingia jikoni. Mama alikuwa anakata vitunguu. Niliogopa, sikufichi, maana sijawahi kumwambia mama mtu mzima neno kama lile tangu nizaliwe.

"Mama," nikasema, "nimefikiri. Sikubaliani na wewe. Tuzo ni ya Ndevu."

Kisu kikasimama. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole sana, kwa nini nasema hivyo. Nikamweleza habari ya Ilunga kwa Kiswahili, kuanzia mgongo wake mpaka ndege. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akavuta pumzi.

"Upuuzi!"

Kwa Kiswahili, dada. Upuuzi, waziwazi, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Huyo Ilunga wako anabeba masanduku pamoja nanyi! Ndevu anabeba nini wenzake wakipiga? Amekaa benchi anatema maganda ya alizeti!"

"Hata akikaa wanamwona, Mama."

"Wanamwona! Kuonwa ndiyo kazi? Basi na mimi nikae sebuleni nionwe, chakula kitajipika!"

"Mzee alipika juzi, Mama, ukiwa umetoka."

"Alichemsha yai!" Akawa anacheka na huku amekasirika, sijui yote mawili anayawezaje kwa pamoja. "Vuta kiti. Shika kisu hicho. Kata vitunguu nikuonyeshe ulipokosea."

Nikavuta kiti. Akanionyesha nilipokosea mpaka vitunguu vikaisha, tukaingia kwenye viazi. Alikuwa na mechi zote kichwani, mpaka hali ya hewa. Nami nikambishia nilipoweza, na nilipobisha vizuri alinipiga kofi la bega. Machozi yalinitoka, na si vitunguu peke yake. Tangu nifike nchi hii watu wote wananiambia samahani, asante, hongera, hakuna shida. Hakuna aliyejisumbua kukaa chini na kunionyesha nilipokosea, kama anavyofanyiwa mtu wa nyumbani. Habari ya chumba cha Malton nimeiacha.

Nani anastahili tuzo? Dada, sijui. Matokeo bado hayajatangazwa. Alipofika kwenye viazi, Mama alikuwa amekaribia kunigeuza niwe upande wake, nikaogopa kumwambia, nisije nikaonekana naitikia tena. Sasa inabidi nibishe hata ninapokubali, au nikubali kwa kubisha, sijui. Wewe ungempa nani? Nijibu kwa kweli, usinijibu unavyodhani nataka.

Nisalimie shemeji, mwambie baiskeli yangu asiipande akiwa na magunia. Msalimie shangazi anayekaa karibu na soko, na mwanawe fundi cherehani. Mbusu mpwa wangu mdogo, yule uliyeniambia anakataa kila kitu. Msimchape kwa hilo, nitazungumza naye nikija.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini Mama ananiita kutoka jikoni, kwa Kiswahili, na kwa sauti yake naona amepata hoja mpya.

Ni mimi mdogo wako, ninayekwenda kubishana,
Athumani