Tulimpisha kwa Adabu

Lionja, Nachingwea

Mjukuu wangu Shaibu,

Sisi wazima, bibi yako yuko shambani anapalilia ufuta. Barua yako imenichosha! Unaruka kutoka jukwaani juu ya vichwa vya watu, unavunjika mkono, kisha unaniuliza mimi kwa nini hawakukudaka?

Miaka ya tisini alikuja Nachingwea mwanamuziki wa Dar, akaturukia hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimekumbatia redio niliyotoka kuinunua. Tukadhani anashuka, anataka njia. Tukampisha wote, kwa adabu kabisa. Akafikia chini kifudifudi.

Tulipomwinua akafoka, "Mbona hamkunidaka?"

Nikamjibu, "Kwani ulituomba?"

Na wewe uliwaomba? Au uliwavamia tu, na viatu mguuni?

Babu yako, anayekuombea mkono upone