Tanuru la Mama Furaha Lilipogoma

Jakobsberg, Uswidi, Jumapili jioni. Nje anga ni nyeupe tangu asubuhi, theluji haianguki wala haiyeyuki. Ndani kuna joto.

Naandika tena: ndani kuna joto. Jana mchana nisingethubutu kuiandika sentensi hiyo.

Shajara, wewe unanijua. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha kama nimefunga. Kazini, barua pepe ya mistari mitatu naisoma mpaka maneno yanaanza kuonekana kama ya mtu mwingine. Mwenzangu wa dawati la jirani aliwahi kusema kwamba ukarani wa mizigo umenikaa vizuri kwa sababu ya woga wangu. Alisema kwa wema, nadhani.

Ijumaa asubuhi Mama Furaha, mwenye nyumba wangu, alinikabidhi vitu viwili: nyumba yake na mama yake. Amefiwa na rafiki aliyeishi naye kwenye kambi ya wakimbizi kabla hawajaletwa huku, mtu aliyemwita dada. Matanga yako mji wa Södertälje, na yeye ndiye anayesimamia jiko la waombolezaji hadi Jumatatu. Mama yake, ambaye sote tunamwita Koko kama Wakongo wanavyowaita bibi zao, hakuweza kwenda. Kifua chake hakipatani na baridi.

"Mdogo wangu Idrisa," aliniambia akiwa ameshavaa buti, "Koko asipate baridi. Mengine yote yatangoja."

Jana asubuhi niliamka nikaona pumzi yangu.

Nyumba hii inapashwa joto na tanuru lililo chini, kwenye chumba kinachopakana na changu. Linakula peleti, vile vipande vya mbao iliyoshindiliwa vinavyofanana na chakula cha kuku. Linachemsha maji, maji yanapanda hadi kwenye elementi, vile vyuma vya ukutani, na nyumba inakuwa nyumba. Nililikuta limenyamaza. Kioo chake kidogo, ambacho siku zote huonyesha namba za kijani, kilikuwa cheusi.

Mara moja nikajua ni mimi. Alhamisi niliongeza peleti. Lazima nilizimwaga vibaya, au niligusa kitu, au nilifunga kifuniko kwa nguvu. Sikuwa na ushahidi wowote, ila mimi nikijituhumu huwa sihitaji ushahidi.

Nikapanda juu, nikamfunika Koko blanketi la pili juu ya vitenge vyake. Nikamwambia tanuru linapumzika kidogo. Akanitazama kama mtu anayesikia habari mpya kuhusu matanuru.

Kisha simu ikalia. Mama Furaha. Nyuma yake niliwasikia wanawake wakiimba, na sufuria zikigongana.

"Koko amekula?"

"Amekula, dada."

"Na nyumba?"

"Salama kabisa."

Sijui kwa nini nilisema vile. Najua. Sauti yake ilikuwa imechoka kwa kulia, na nilijua nikisema neno "tanuru" atavua aproni na kupanda treni. Halafu angefika, angelikuta tanuru lake nimeliua, na angekuwa amemwacha dada yake kabla ya kumzika.

Basi nikashuka na kitabu cha maelekezo. Nakiri nilifurahi kidogo kukiona. Kitabu hakikukasirikii. Kiswidi chake kilikuwa kigumu lakini nilikwenda nacho taratibu, kamusi kwenye simu. Nikatazama peleti: zipo. Nikafungua kabati la fyuzi: zote nzima. Nikafungua mlango wa chini na kutoa majivu, nikafuta kijidirisha cha moto, nikatafuta kitufe cha usalama kilichofichwa chini ya kifuniko cheusi, nikakibonyeza. Kimya. Nikarudia yote tangu mwanzo, polepole zaidi, kana kwamba tanuru lilikuwa linangoja nionyeshe adabu.

Koko aliita kutoka juu. Huniita papa, yaani baba. "Papa, unafanya nini kule chini? Kuya unywe chai."

"Nakuja, Koko."

Sikwenda. Akaita tena. Baadaye nikasikia anaomba kwa sauti, akimkabidhi Yesu lile tanuru na mikono yangu. Mimi Mwislamu wa Tabora nikajikuta nimesema amina, mikono imejaa majivu.

Mchana ulipopita, Koko alianza kukohoa. Kikohozi kile ndicho kilichonitoa nje.

Jirani yetu ni mzee Lennart, mstaafu. Tangu nihamie hapa tumesalimiana kwa kichwa tu. Hapa mtu habishi hodi hivihivi. Hata watu wa nchi hii hutumiana ujumbe kwanza. Nilisimama kwenye ngazi zake nikiipanga sentensi yangu ya Kiswidi, nikaibomoa, nikaipanga upya. Mlango ukafunguka kabla sijabonyeza kengele.

"Ni tanuru," alisema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Bomba lenu la moshi halijatoa kitu tangu jana jioni. Nimekuwa nikilitazama kutoka jikoni. Nilitaka kuja." Akakuna shingo. "Sikutaka kuwasumbua."

"Na mimi sikutaka kukusumbua," nikasema.

Tulitazamana. Naye akaona aibu, nadhani, mzee wa watu. Akageuka ndani, akarudi na hita mbili za umeme, moja kwa kila mkono, na soksi za sufu za marehemu mkewe zikining'inia begani. "Bibi yenu avae," alisema.

Nilikuwa karibu kulia, na nilikuwa nimeshapokea hita zote mbili, kwa hiyo sikuweza hata kuuficha uso.

Sasa sikiliza, Shajara, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Nikachomeka hita zote mbili sebuleni. Taa zikafifia mara moja, zikarudi. Basi. Kitu kidogo tu. Lakini Koko, anayehitaji mkono wangu kunyanyuka kitini, alisimama peke yake. Akachomoa televisheni. Akapita jikoni, nikasikia friji inakata mngurumo. Akaja hadi korido, penye mlango wa kushukia chini, akayasukuma makoti yanayoning'inia ukutani, akaingiza mkono nyuma yake.

"A, hii nilishaizima," alisema, akitulia. "Ni toka jana."

Nikasogeza makoti. Nyuma yake palikuwa na swichi nyekundu. Sikuwahi kuiona tangu nihamie hapa.

"Koko, jana kulitokea nini?"

"Wewe ulikuwa bado kwa kazi. Umeme ilienda, ikarudi. Nikazima vyote. Ikirudiaka na nguvu inaunguzaka vyombo. Kule Bukavu iliniunguziaka frigo." Akanitazama kwa huruma. "Kwenu hamuzimake?"

Kwetu tunazima, Koko. Mama yangu taa ikipepesa tu anaacha hata unga mikononi anakimbilia friji. Mimi mwenyewe nilikuwa nakabidhiwa redio. Utoto wangu wote nimechomoa vitu ukutani, kisha nikaja huku, nikakuta umeme usiokatika, nikasahau kwamba katika nyumba hii yumo mtu ambaye hakusahau. Friji na televisheni alizirudisha mwenyewe Ijumaa. Ile nyekundu hakujua ni ya nini, akaiacha ipumzike. Nikiwa kwenye treni narudi kutoka kazini, yeye alikuwa gizani anailinda nyumba ya binti yake.

Ilikuwa swichi kuu ya tanuru. Nikaiwasha. Kitaa kidogo kikawaka kwenye swichi.

Tulishuka wote wawili, Koko akiwa na soksi za Lennart, akaketi kwenye ngazi. Namba za kijani zikarudi. Feni ikaanza. Peleti zikadondoka moja moja, tukangoja, na kwenye kile kijidirisha nilichokifuta asubuhi moto ukatokea, mdogo, wa rangi ya chungwa.

"Ona ile," alisema Koko. "Tuliomba."

Sikubisha.

Nilimpigia Mama Furaha papo hapo, kabla woga haujanirudia. Nikamwambia yote: asubuhi nilikudanganya, nyumba ilikuwa baridi, Koko amekohoa, sasa kuna joto. Nikamweleza habari ya swichi. Ikaja sauti ambayo kwanza nilidhani ni kilio.

Alikuwa anacheka.

"Mama!" alisema, nikampa Koko simu, na kutoka ndani ya simu nikamsikia akiwasimulia wanawake wa jikoni, nao wakapokea kicheko, mmoja akisema hata yeye huzima, mwingine akisema marehemu ndiye alikuwa bingwa wa kuzima. Wakaanza kumkumbuka kwa hilo. Aliponirudia alikuwa hoi. "Mdogo wangu, tangu tufike hapa hakuna aliyecheka. Asante."

Mimi nashukuriwa. Mimi niliyeshinda siku nzima nikilisafisha tanuru lisilo na kosa.

Leo nimemrudishia Lennart hita zake. Soksi amekataa. Amekunywa chai kwetu, Koko kamwongelesha Kiswahili, yeye kajibu Kiswidi, na sikuona haja ya kutafsiri.

Ninachobaki kujiuliza ni hiki: nilisoma kitabu kizima, nikafungua kila kifuniko, na muda wote aliyejua alikuwa juu ananiita chai. Kazini kuna hesabu ya mzigo nisiyoielewa tangu wiki iliyopita, na mwenzangu yuko hapo, kwenye dawati la jirani. Kesho nitamuuliza. Nitaanza kwa kunywa naye kahawa.

Koko anapita koridoni.

"Papa, hii taa nyekundu bado inawaka."

"Iache, Koko."

"Naiacha. Nakuambia tu."