Seleri Kabla ya Mizani

Jumatatu, 12 Juni

Bosi Tuohy katamka leo mbele ya banda zima: Jumamosi, mbio za Roscommon, Brosna atapandwa na Fiachra. Yaani mimi! Miezi minane namzolea mavi huyo farasi, namsugua, ananing'ata bega, leo nimepewa nimpande watu wakitazama. Wenzangu wakarudi kwenye mafagio yao. Wivu tu.

Sharti ni moja. Mizani isome ratili mia na ishirini, kama kilo hamsini na nne – mimi, tandiko na buti, vyote pamoja. Asubuhi nilisoma mia na ishirini na saba nikiwa na chupi. Bosi kasema nikishindwa atapanda Sorcha. Sorcha tulianza naye kazi siku moja, tunajifunza ujoki pamoja, na yeye hapiti mia na nane hata akimeza ng'ombe.

Nimekaa kitandani nikingoja kufurahi. Bado. Nadhani ni njaa.

Jumanne, 13 Juni

Dawa nimeipata. Nimesoma kwenye simu: kuna vyakula vinavyochoma kalori nyingi kuliko zile vinazokupa. Seleri, ile mboga ya vijiti, ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Unatafuna, taya zinachoka, tumbo linahangaika, mwisho wa hesabu mwili umepata hasara. Unakula na unakonda! Na mimi ndiye niliyeambiwa nimeacha shule mapema.

Nimenunua mafungu sita. Mwuzaji akaniuliza nafuga sungura wangapi. Nikamwambia mmoja tu, mrefu, mzuri wa sura, amepanga kwa Bi Heffernan.

Bi Heffernan naye, mwenye nyumba wangu, kaweka mezani viazi, siagi, kabichi na nyama ya nguruwe. Kalisha majoki miaka thelathini huyu mama, na bado anapika kama tunakwenda kulima. Nikamwonyesha fungu langu, nikamweleza sayansi yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hayo ni maji yenye nyuzi, mwanangu," akafunika sahani yangu kwa sahani nyingine, akaiacha hapo hapo.

Nimetafuna saa nzima. Ladha ya uzio uliopakwa rangi. Lakini sikuijali, wala sikuichukia. Nilitafuna tu.

Jumatano, 14 Juni

Mia na ishirini na nne! Nani mjinga sasa?

Leo ni siku ya yule mama wa lishe anayekuja bandani kutupima sisi wanagenzi. Nikampa siri yangu bure. Hakucheka – dalili mbaya. Akasema habari hiyo anaisikia kila mwaka. Kijiti kimoja cha seleri kina kalori chache mno, ni kweli, na mwili unatumia sehemu ya hizo kukisaga. Sehemu tu. Kinachobaki ni kidogo lakini kinabaki. Chakula kinachochukua zaidi ya kinachotoa yeye hajawahi kukiona, wala hajui aliyewahi kukiona. Nikamwambia basi hajatafuna kwa bidii.

Akanisimamisha kwenye mlango wa stoo ya matandiko, akanipima urefu. Nimeongezeka sentimita mbili tangu Januari. Akasema mifupa yangu bado haijamaliza. Nikamwomba aiambie imalize. Hapo akaweka kalamu chini, akaniuliza nimekula nini tangu Jumapili. Nikamdanganya vizuri sana – mayai, samaki, hata uji. Akasema nizungumze na bosi kuhusu mbio za kuruka viunzi, kule majoki wanaruhusiwa uzito zaidi, hakuna aibu. Nikasema nitafikiria.

Sifikirii. Nimejaribu kukasirika pia, nikashindwa.

Alhamisi, 15 Juni

Mia na ishirini na tano. Imepanda! Wakati jana sikuweka kitu mdomoni ila seleri!

Mizani ya Bi Heffernan mbovu. Nimechukua paketi zake mbili za sukari, kilo moja moja, nikaziweka juu. Nikaigeuza isome kilo: mbili kamili.

Mizani nzima. Nimeongeza seleri.

Ijumaa, 16 Juni

Majina yametoka. Brosna: Fiachra. Nimelisoma jina langu mara tatu kama la mtu ninayemjua kidogo.

Mizani: mia na ishirini na tano palepale. Sorcha akanikuta stoo nimekaa juu ya ndoo, natafuna. Akauliza tangu jana nimekula seleri kiasi gani. Nikamwambia kwa majivuno: jana mafungu mawili mazima, na leo la tatu niko katikati. Akachukua lile ambalo sijaligusa, akalitupa kwenye mizani ya kupimia chakula cha farasi. Akanionyesha. Zaidi ya ratili moja.

"Hebu niambie, profesa," akasema, "hiki kikiingia tumboni kinakwenda wapi? Kinapaa?"

Nikaanza habari za kalori. Akasema karani wa mizani kule uwanjani hana habari na kalori, anapima kilichosimama mbele yake, na mimi nasimama nimebeba bustani tumboni. Hata ningekuwa sahihi kuhusu hasara yote ya mwili, maji ni maji na yana uzito. Joki mzima, akasema, nimejinenepesha kwa seleri. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, kwa kuwa nilijua hapo ndipo pa kucheka.

Kisha akanitazama, akaacha kucheka kabisa. Akasema bosi kamwambia kesho aje na buti zake na tandiko lake, endapo nitashindwa. Alitaka niisikie kwake kwanza.

Kuanzia sasa: hakuna seleri, hakuna chai, hakuna maji, ni jasho tu, makoti matatu mwilini. Bi Heffernan kagonga mlango mara mbili. Nimesema nimelala. Saa kumi na moja jioni!

Jumamosi, 17 Juni

Roscommon, chumba cha majoki. Simu haziruhusiwi humu, basi napitisha muda na daftari hili.

Mia na ishirini. Kamili! Na tandiko, na buti. Karani kaangalia, kaandika, kasema ahsante. Nilimpita Sorcha na tandiko mkononi nikamkonyeza. Nilikuwa nimeyatunga maneno ya kumwambia, ya kumuudhi wiki nzima, yakanitoka kichwani njiani kama moshi.

Nimevaa fulana ya rangi za mwenye farasi. Kofia pia. Mkanda wa kidevuni haukufunga. Nikajaribu tena. Vidole vinagusa kifungo, naviona vinagusa, lakini sivisikii. Kama vya mtu mwingine. Mara ya nne nikaona mikono ya Sorcha. Kanifungia, bila utani. Kisha akaishika mikono yangu akaigeuza, akasema kwa sauti ya chini:

"Fiachra, Brosna anavuta hatamu. Utamshika na nini?"

Kuna farasi kumi na mmoja wengine kwenye mbio hii. Anayevuta asiposhikwa anaingia kwenye miguu ya wa mbele, wanaanguka wote. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza, mimi na yeye.

Hatakwenda kwa bosi. Kasema hilo ni la kulisema mimi mwenyewe. Kakaa kwenye benchi ng'ambo, kavaa buti zake, hanitazami.

Nilitarajia kuogopa. Hakuna kitu. Pametulia kabisa hapa ndani yangu.

Kengele imelia, tunaitwa nje. Bosi yuko mlangoni, ananitazama mimi, anamtazama Sorcha, ananirudia mimi. Anauliza, "Kijana, uko sawa?"

Kalamu hii nimeishika kwa ngumi. Kaiona. Anangoja nijibu. Naweka kalamu chini.