Soksi za Baba Zisizo na Kondoo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako unaiweka sauti kubwa nyumba nzima ikasikia, na haya sitaki Baba ayasikie kabla yako. Barua pamoja na kifurushi anavileta Dada Adventina, yule wa hapo Pasiansi ninayesali naye huku, anakuja likizo. Mgongo wako unaendeleaje? Usiniambie umepona halafu nisikie kwa watu kwamba unabeba ndoo. Mimi mwili mzima. Huku Norwe theluji imeshaanguka, na kwenye ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi nashinda nimesimama kutwa.

Ila sina raha, Mama. Tangu kaka anipigie kusema daktari anataka kuukata mguu wa Baba chini ya goti, na Baba amekataa, chakula nakitazama tu. Kaka anasema sukari imeharibu mishipa, kile kidonda cha kidoleni kinapanda, na wakichelewa kitafika pabaya. Na Baba anasema hakatwi mpaka wazee wa ukoo kule Kagera wamsafishe, kwa kuwa alivaa kondoo kwenye zile soksi nilizomtumia, na mtu aliyevunja muziro, mwiko wa ukoo wetu, hata akishonwa haponi. Mwalimu wa hesabu mzima. Lakini simcheki, maana hata mimi sijawahi kuonja kondoo, na nakumbuka ulivyokataa kuazima sufuria ya jirani kwa ajili hiyo hiyo.

Basi nikafanya kitu pekee nilichokiweza, nikaenda kumnunulia soksi nyingine. Kuna duka hapa la watu wasiokula wala kuvaa chochote kilichotoka kwa mnyama. Nikamwambia binti wa dukani nataka soksi za mzee, nzito, zisizochakaa upesi, zisizobana mguuni, na zisiwe na hata uzi mmoja wa kondoo.

Akafurahi kama nimemletea posa. "Na wewe huli nyama?" akaniuliza.

"Nakula. Ni baba yangu asiyegusa kondoo."

"Baba yako anawahurumia sana wanyama."

Ningemjibu nini, Mama? Mzee anayechinja mbuzi kila Krismasi na kugombea maini. Nikasema ndiyo, anawahurumia.

Akanitolea za mianzi, laini lakini nyepesi. Akanitolea nyingine za uzi wa plastiki, nikaona zitamtoa jasho na kidonda hakitaki unyevu. Mwisho tukaafikiana za pamba nene, kisigino kimeongezwa nailoni. Akazivuta kwa mikono miwili kunionyesha hazikatiki, akanihakikishia waliozifuma wanalipwa vizuri na wanapumzika Jumapili. Nikamwuliza, na aliyelima pamba? Nikamwambia nyumbani ukipita Magu ni pamba kulia na kushoto, na sijasikia mkulima akiisifu bei. Akasema ni swali zuri, ataulizia. Nimechukua jozi tatu.

Nilipotoka nje nikajiona mjinga. Mguu wa baba yangu unaoza, mimi nabishana na mtu kuhusu kisigino cha soksi. Nikakaa kwenye kituo cha basi nikalia mpaka bibi mmoja akaniuliza kama nimepotea. Sina mabawa, Mama, na hata ningekuwa hapo sijui ningemshika mkono upi mzee mwenye kichwa kigumu namna ile.

Sasa lile lililonifanya niandike. Shangazi alipozinusa zile soksi za kwanza zikiwa mbichi kwenye kamba na kusema hii ni harufu ya kondoo, Baba aliniambia kwenye simu, "Usilie, mwanangu, wauzaji walikudanganya. Kosa ni langu, sikuuliza." Nikamwacha aamini hivyo. Mama, hakuna aliyenidanganya. Niliambiwa dukani kwamba ni manyoya ya kondoo na kwamba ndiyo yanayoshinda baridi yote. Baba alikuwa amelalamika miguu ni ya barafu asubuhi, upepo wa ziwa unamwingia mifupani, nikawaza soksi si mchuzi, na mzee hatajua. Kile kitambaa kidogo cha maelezo nilikikata kwa mkasi kabla sijazituma. Najua kidonda kimeletwa na sukari, na wewe unajua. Lakini yeye hatusikilizi sisi, anausikiliza ukoo.

Baba ndiye aliyetufundisha kwamba aliyelishwa mwiko bila kujua hana deni kwa wazee, anayesafishwa ni yule aliyemlisha akijua. Mimi ndiye niliyejua. Nikija nitakwenda Kagera mwenyewe, wanifanyie wanachofanya.

Msalimie Shangazi, mwambie pua yake haijazeeka. Msalimie kaka na mkewe, na jirani yetu mama wa dagaa anayekusaidia kumfunga Baba kidonda. Soksi mzifiche kwanza, asizione kabla hujamsomea.

Mama, msomee barua hii yote, usiruke pale pa mkasi. Kaka awe ameshaleta gari mlangoni. Baba akitaka kunilaani msimzuie, ila anilaani akiwa njiani kwenda hospitali.

Ni mimi binti yako niliyewakosea,
Koku