Kamba ya Mzee Heche

Kerende, Nyamongo
Jumamosi

Dada Leonida,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mvua huko Maswa imewakumbuka mwaka huu. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, hivyo ukiona mwandiko umepinda unisamehe.

Dhahabu bado tunaitafuta na mwenzangu Marwa. Yeye anashuka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, mimi nabaki juu na kamba. Akivuta mara mbili, kuna hatari, nimpandishe haraka.

Lakini Dada, nimepata na mchezo wa Jumapili, usicheke. Kuna wazee watatu hapa, Heche, Mniko na Ochieng. Ibada ikiisha, wenzao wanakwenda kwenye pombe, wao wanakwenda kuzamia kwenye shimo la zamani lililojaa maji. Mzee Heche alikuwa mpiga mbizi wa kukagua meli Musoma, akastaafu na kofia yake ya shaba yenye kioo na pampu ya hewa ya kuzungusha kwa mkono. Nikauliza huko chini kuna dhahabu kiasi gani. Wee! Walinicheka mpaka Mniko akakaa chini. Eti wanapenda tu kutembea chini ya maji kwa vifaa vya zamani, basi.

Mgeni huanzia kwenye kamba, nikapewa ya Mzee Heche. Wakanionya kwamba kwao kuvuta mara mbili ni kuomba kamba ilegezwe. Nikaitikia vizuri kabisa. Mzee aliposhuka akavuta mara mbili, mikono yangu ikafanya ya duarani, nikamvuta kwa nguvu zote. Akavuta tena, nami nikazidi! Alitoka chali, kofia imejigonga kwenye mwamba, damu inamtoka puani. Ochieng alifoka kwa Kijaluo, sikuelewa neno hata moja ila nilijua ni mimi. Mniko akasema nirudi kwenye mawe yangu. Mzee Heche mwenyewe ndiye aliyenitetea. Alisema mkono hufundishika, na kwamba Jumapili hii kamba yake nitaishika mimi tena.

Basi wiki nzima nimejifunza. Nilimfunga kamba mbuzi wa mama mwenye nyumba, akivuta mara mbili nalegeza. Mama wa watu amenuna mpaka leo, maana mbuzi alilegezewa hadi kwenye sukuma wiki zake.

Sasa Dada, hili sijamwambia mtu. Jana Marwa akiwa chini, udongo ulianza kumwagika. Akavuta mara mbili. Nikalegeza. Nilisimama pale nimeridhika, najiona mwanafunzi mzuri, mpaka niliposikia analia jina langu. Alipanda mwenyewe kwa kushika magogo ya kuta za duara, mdomo umejaa udongo, akaniuliza kama kamba ilinasa. Nikasema ilinasa.

Kesho anashuka Mzee Heche, Jumatatu anashuka Marwa. Mikono hii siijui tena. Najua natakiwa kuwaambia, lakini naogopa, Dada, naogopa sana.

Wasalimie shemeji na watoto, na mama mdogo ukimwona. Barua hii ikikufikia, ukienda kanisani usiniombee mimi. Waombee Heche na Marwa, uwataje kwa majina, maana wao wananiamini.

Ni mimi mdogo wako,
Mayunga